Masika ya Kibonge

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Dobi, bosi wangu, amenuna kana kwamba imemjia yeye peke yake. Nguo hazikauki. Masika yakija, sisi wapiga pasi ndio tunageuzwa jua. Shati linafika mezani bichi, unalikandamiza mpaka litoe moshi, na mwenyewe kasimama mgongoni kwako: "Usiniunguzie mteja."

Nimeokota daftari lililobaki tangu nilipoacha masomo ya jioni. Nitaandika habari za mwanangu, akikua asome alikuwaje. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya wenzangu. Basi naandika: mwanangu ana miaka minne na ananenepa! Alikuwa mwembamba, shati linamning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Sasa mashavu yamejaa, yanang'aa. Jirani yetu mshonaji kampa jina, Kibonge, na jina limemganda. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema ni mkono wake wa jikoni. Yeye humwita "mume wangu". Leo kampapasa tumbo akasema, "Mume wangu kaota kitambi, bila shaka amepandishwa cheo."

Nina raha mpaka naogopa.

Jumatano, 5 Machi

Nguo hazikauki. Kibonge kalala mchana kutwa.

Jumapili, 9 Machi

Leo siendi kazini. Mtoto kaamka macho yamefumba, kope nene kama midomo. Nikashtuka. Mama mkwe akasema kalalia uso. Kweli, ilipofika mchana macho yalifunguka, akacheza.

Baba yake ni fundi wa matofali, yuko mbali kwenye jengo tangu mwaka uanze. Nilimpiga mtoto picha kwa simu ya jirani nikamtumia. Akapiga pale pale, anacheka: "Huyo ni wangu au mmeazima? Mama amlishe hivyo hivyo!" Mama mkwe alisikia, akatembea nyumba nzima kifua mbele.

Ila viatu vya kutokea vya mama mkwe vinambana. Anasema mvua imevisinyaza.

"Mama, ngozi haisinyai hivyo. Mimi nashinda na nguo, najua kinachosinyaa."

"Haya, umenishinda. Hata viatu vyangu unavijua kuliko miguu yangu."

Jumatano, 12 Machi

Nilimvua soksi jioni. Mpira wa soksi umeacha mfereji mguuni, wa kina, kama uzi uliofungwa kwenye unga uliokandwa. Nikausugua. Haukuondoka upesi. Na ile kaptura niliyomshoneshea juzi kifungo hakifiki tundu lake. Jirani mshonaji kasema kosa si lake, kosa ni la Kibonge.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegombana na mama mkwe kwa sababu ya povu. Asubuhi nilikwenda kumwaga kopo la mkojo la mtoto nikakuta povu jeupe limesimama kama la beseni la Dobi. Nikamwambia, "Mama, kopo ukilisafisha lisuuze, sabuni itamwasha mtoto."

"Nililisuuza."

"Na hili povu?"

"Muulize mwenye mkojo. Mimi nimesuuza vyombo kabla mamako hajajua kuvishika."

Nikalisuuza mwenyewe, mara mbili, kwa maji matupu. Mchana mtoto kakojoa tena mbele yangu. Povu lile lile. Tukaangaliana na mama mkwe.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa hospitali, daftari nimeliweka magotini. Mwandiko umeharibika, anayesoma anisamehe.

Asubuhi nilimvalisha kaptura haikupanda. Nikamtazama vizuri. Sehemu zake za siri zimevimba, ngozi imevutika inang'aa kama ya puto. Nilipiga kelele mpaka jirani mshonaji akaja, cherehani kaiacha bado inazunguka. Nikambeba mgongoni kwenye mvua, mama mkwe nyuma yetu na mwavuli ambao upepo ulikwisha kuugeuza. Mtoto alikuwa mzito! Na ule uzito mimi nilikuwa nikijisifia.

Tulipokewa na daktari kijana, ndevu zenyewe bado zinaomba ruhusa. Anatafuna kalamu. Nikajisemea moyoni, basi leo tumepewa mwanafunzi. Kweli ni mwanafunzi: ni daktari tayari, lakini yupo anasomea figo. Mama wa kitanda cha jirani anamwita Daktari Kalamu.

Alimlaza mtoto, akaweka kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, akakandamiza taratibu, akaacha. Kidole kiliondoka, shimo likabaki.

Shimo, mguuni kwa mwanangu. Nililitazama nikingojea lijae. Halikujaa. 

"Hajanenepa, mama," akasema. "Haya ni maji."

"Maji ya nini? Amekunywa wapi maji yote haya?"

 Akachovya kijiti chembamba kwenye mkojo wa mtoto. Mwisho wa kijiti ulikuwa njano. Ukageuka kijani, kisha kijani ya giza, kama jani la mti mnene.

Mama mkwe akauliza, "Kijani ni nzuri?"

 Mwuguzi alikuwa amekwisha kuanza kutandika kitanda.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi alikuja daktari bingwa wa figo, mama mfupi mwenye miwani kifuani, nyuma yake wanafunzi wake wamejipanga kama vifaranga. Wakazunguka kitanda chetu. Wakaanza kusemeshana maneno yao, marefu, mtoto akazunguka nyuma yangu akajificha. Bingwa akawanyamazisha, akamgeukia Daktari Kalamu.

"Mwambie huyu mama mtoto wake anaumwa nini. Umwambie yeye, mimi ninajua."

Akaanza: protini, mishipa, vichujio. Bingwa akaniuliza, "Umeelewa?" Nikasema hapana. Akamwambia, "Anza tena."

Kalamu ikatoka mdomoni. Safari hii akachuchumaa mpaka macho yake yakafika usawa wa yangu. Alisema figo hupitisha damu, zikatoa uchafu uende kwenye mkojo na kubakiza chakula cha mwili ndani. Figo za mwanangu zimelegea, zinamwaga na kile chakula. Povu ndilo hilo, na ndilo linalogeuza kijiti kuwa kijani. Na damu ikipungukiwa chakula hicho haiwezi kuyashika maji, yanapenya yanakaa chini ya ngozi, usoni, miguuni, tumboni.

"Kwa hiyo anakonda?" niliuliza.

"Anakonda huku anavimba."

Nimelirudia neno hilo siku nzima. Anakonda huku anavimba, na sisi tulikuwa tunapiga picha.

Wamemwanzishia vidonge vya kila asubuhi. Wengi wa watoto, Bingwa kasema, figo zao husikia dawa hii. Nimeshika hapo pa wengi.

Alhamisi, 20 Machi

Chakula bila chumvi. Kakitema chote, kamtemea na mwuguzi.

Jumanne, 25 Machi

Anakojoa! Anakojoa mpaka wodi inacheka. Kijiti leo ni kijani iliyofifia.

Lakini nilipomwogesha nilikaa chini sakafuni. Maji yametoka, na mtoto aliyebaki ni mbavu. Bega kama la henga ya kutundikia koti. Yule Kibonge hakuwepo kamwe, alikuwa huyu ndani yake, ana njaa, tukimkaribishia wageni. Mama mkwe aliingia na nguo safi, akamwona, nguo zikamponyoka. Hakuziokota. Alitoka nje, akarudi macho mekundu, akasema vumbi. Vumbi gani, na mvua hii?

Ijumaa, 28 Machi

Tumeruhusiwa. Daktari Kalamu alinipa maelezo mlangoni, yeye anaitwa kule, mimi nina mifuko miwili na mtoto analia. Vidonge kila asubuhi baada ya kula, asikose hata siku moja, wala visikatwe ghafla. Asile chumvi. Atapata njaa kali, atakuwa mkali, uso utamviringika kama mwezi. "Hiyo itakuwa dawa, mama, si ugonjwa. Usishtuke."

Nikasema sawa, sawa, sawa. Vijiti vya kwenda navyo nyumbani hawana. Tutapima tukirudi kliniki.

Jumatano, 2 Aprili

Nimerudi kwa Dobi. Natoka nyumbani kabla mtoto hajaamka, kwa hiyo dawa anapewa na bibi yake. Njaa imekuja kama tulivyoambiwa. Kala chakula chake, kala changu, katazama sufuria. Mama mkwe anasema, "Mume wangu, nikisimama vibaya utanimeza na mimi."

Ijumaa, 11 Aprili

Uso umeviringika. Daktari alisema, nami najua, lakini nilishtuka nilipomwona akiwa usingizini. Mashavu yale yale! Jirani mshonaji alichungulia dirishani akashika mdomo: "Umerudi ule uvimbe!"

Mama mkwe alinifuata mpaka mlangoni, mimi nimechelewa. "Mama wee, mtoto anavimba tena, na wewe unakwenda kupiga pasi?"

"Ni dawa, Mama. Dawa ndiyo inamvimbisha uso." Nikakimbia. Nguo hazikauki, Dobi hasikii neno la mtu.

Jumatano, 16 Aprili

Kliniki. Kijiti: njano yenye kivuli tu cha kijani. "Tumekaribia," kasema Daktari Kalamu, "tumekaribia sana." Nimeimba njia nzima. Mvua ilininyeshea wala sikuifungulia mwavuli.

Jumatano, 23 Aprili

Nina furaha leo. Uso wa mtoto unapungua, mashavu yanashuka, na ile njaa ya kutisha imekwisha. Jana aliacha nusu sahani, akaenda zake kucheza. Anakuwa mtoto wangu tena. Nilimshika mama mkwe mkono nikamwambia, "Mama, bila wewe sijui ningefanyaje." Akautoa mkono wake upesi. Nilidhani ni haya.

Jumapili, 27 Aprili

Kope zimevimba. Povu.

Nimeandika maneno hayo mawili nikayatazama. Nimemwuliza mama mkwe kama anampa dawa. Akasema, "Kwani mimi ni mtoto?" Kesho asubuhi na mapema hospitali.

Jumatatu, 28 Aprili

Hatukungoja asubuhi. Mtoto kashikwa na homa, tumbo limejaa limekuwa gumu kama ngoma, ukiligusa anapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Alikuwa akiniita, na nilikuwa nimemshika. "Mama! Mama!" "Nipo, baba, nipo." Haniamini. Ananitafuta huku nimemkumbatia.

Wamemtia dripu. Wamevuta maji kidogo tumboni kwa sindano, yametoka na ukungu. Wadudu wameingia kwenye maji, wamesema, kwa sababu vile vitu vya kuulinda mwili navyo vinamwagika mkojoni. Kijiti kilikuwa kijani ya giza kabla sijahesabu hata mbili. Kama siku ya kwanza. Kama vile hatukuwahi kutibiwa!

Daktari Kalamu alikitazama kile kijiti muda mrefu, kalamu mdomoni haitafunwi.

Baba yake nimempigia.  Akasema, "Lakini mlisema amepona." 

Jumanne, 29 Aprili

Vifaranga wamekuja tena. Bingwa akawauliza, mbele yangu, kwa nini mtoto huyu hakupona. Wakataja majina ya magonjwa, kila mmoja jina refu kuliko la mwenzake. Daktari Kalamu peke yake hakutaja.

Kisha Bingwa akaketi kitandani, akanishika goti, nikajua si habari njema. Figo za wengine hazisikii dawa hii. Homa ikitulia watamlaza, watamchoma sindano mgongoni wachukue kinyama kidogo cha figo, wakakitazame. Halafu dawa nyingine, nzito zaidi, za miaka. Na figo zisiposikia hata hizo, zinaweza kuchoka kabisa.

"Zikichoka?"

"Tutazungumza tukifika hapo."

Hapo pa wengi niliposhika pamenibandukia mkononi. Sioni vizuri mistari ya daftari.

Alhamisi, 1 Mei

Niandike polepole, maana bado siamini.

Homa imeshuka tangu jana. Leo mchana Daktari Kalamu alirudi peke yake. Alivuta kigoda cha mwuguzi, akaketi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona ameketi. Akamchezea mtoto mashavu.

"Mama, mashavu haya yalikuwa ya mviringo nilipomwona kliniki. Leo macho yamevimba, tumbo limevimba, lakini ule uso wa mwezi sijauona. Ulipungua lini?"

"Wiki iliyopita. Nilifurahi sana."

"Na njaa?"

"Ikakata. Akawa anabakiza."

Akaitoa kalamu mdomoni, akaiweka mfukoni kabisa.

"Mama, anayekunywa dawa ile hawezi kubakiza chakula. Nani humpa vidonge?"

Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, na nguo safi mkononi, viatu kavikanyaga visigino kwa sababu haviingii. Alikuwa amesikia yote. Nilimwona usoni kabla hajasema.

Aliingia. Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungulia juu ya shuka. Vidonge vyote ambavyo hakumpa vilikuwa humo. Vyote.

"Sikuvitupa," alisema. "Dawa ya mtoto haitupwi."

Nilivihesabu kwa macho.

"Mlisema ndivyo vinamvimbisha," akaendelea, anamwambia daktari lakini ananitazama mimi. "Uvimbe ndio ulitaka kumwua mara ya kwanza. Ulinionyesha mwenyewe, na kidole chako, mguu umeingia shimo. Halafu naambiwa kidonge ninachompa kila asubuhi kwa mkono wangu huu ndicho kinachomvimbisha. Nimpe tu? Nikaviacha. Akapungua! Mama yake akanishika mkono akanishukuru. Nikasema moyoni, basi, nimemwokoa mume wangu."

 Nilichukua kitambaa kibichi nikaanza kumfuta mtoto miguu, ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Bingwa aliitwa. Nilimngojea amfokee mama mkwe. Lakini Daktari Kalamu alisimama akasema, mbele ya wenzake wote, "Kosa limeanzia kwangu. Nilimpa mama maelezo mlangoni, nimesimama. Sikuuliza ni nani atakayempa dawa. Na nilisema uso utavimba, sikusema ukivimba mfanye nini." Masikio yake yalikuwa mekundu.

Bingwa aliwageukia wale wengine. "Juzi mlinitajia magonjwa sita. Kuna aliyeuliza kama mtoto anakula?"

Sindano ya mgongoni imeahirishwa. Vidonge vinaanza upya leo, vyote. Pengine figo zilikuwa zikisikia muda wote, ila hakuna aliyezisemesha.

Kisha Bingwa akamwambia mama mkwe, kwa sauti ndogo, kwamba mwili ukikatiwa dawa hii ghafla unaweza kuzimika bila hata ugonjwa. Mama mkwe alishika chuma cha kitanda.

Ijumaa, 2 Mei

Sijaongea naye. Dawa nampa mimi. Dobi kasema nisiporudi ataweka mwingine. Aweke.

Jumamosi, 3 Mei

Haingii wodini. Anakaa kwenye benchi la nje ya mlango, nguo safi magotini, anampa mwuguzi azilete. Saa ya kutazama wagonjwa ikiisha anaondoka. Mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Baba yake kapiga. Anataka mama yake arudishwe kwao kijijini, amekasirika mpaka anashikwa na kigugumizi. "Mtu gani anaficha dawa ya mtoto!" Nilikuwa nimeyasema maneno hayo hayo moyoni siku nzima, lakini yalipotoka kwake yakaniuma vingine.

"Na picha je?" nikamwuliza.

"Picha gani?"

"Uliyocheka nayo. Mtoto anamwagika ndani, mimi nampiga picha, wewe unasema alishwe hivyo hivyo."

 

Nilipokata, mtoto akaniuliza, "Mke wangu yuko wapi?" Nikatoka nikaenda benchini. Alikuwa ameinamia zile nguo anazikunja, anazikunjua. Nilitaka kusema maneno mazito niliyoyapanga. Nikasema, "Mama, mumeo anakuita."

Hakuinuka. Akasema, "Ulinikimbia pale mlangoni. Ungekaa kidogo tu ukaniambia."

Ndiyo. Nikaketi kwenye benchi, tukalia wote wawili, watu wakipita na ndoo zao.

Alhamisi, 8 Mei

Daktari Kalamu kamfundisha mama mkwe kusoma kijiti. Wote wawili wameketi. Kisha kamgeuzia: "Sasa, bibi, nifundishe mimi kama sijui kitu."

"Kwani unajua?" akajibu mama mkwe, na wodi ikaangua kicheko, yeye mwenyewe Daktari Kalamu akicheka zaidi. Lakini akamfundisha. Ukivimba uso na anakula, ni dawa, endelea. Zikivimba kope na povu lipo, ni ugonjwa, njoo. Na usiache kitu bila kuuliza. Alilisema hilo la mwisho mara mbili, ya pili polepole.

Tumbo limelegea. Kijiti kijani.

Jumatatu, 12 Mei

Kijani nyepesi. Njaa imerudi! Kaomba chakula cha kitanda cha jirani. Sijawahi kufurahia uroho wa mtu namna hii.

Alhamisi, 15 Mei

Nyumbani, na vijiti vya kwetu kwenye kopo, Daktari Kalamu kavitafuta sijui wapi. Dobi hakuweka mwingine. Kasema mashati yalimshinda.

Jioni niliweka dawa mikononi mwa mama mkwe. Vidole vyangu havikutaka kuachia. Naye hakuvuta, alingoja. Nikaachia.

Jumatano, 21 Mei

Mashavu ya mwezi. Jirani mshonaji kachungulia dirishani: "Kibonge karudi!"

"Hajarudi mtu!" mama mkwe akafoka kutoka jikoni. "Hiyo ni dawa. Na zile karanga za chumvi ulizomtunzia, kazile wewe na cherehani yako."

Jumapili, 25 Mei

Jua limetoka. Uani kote kumeanikwa nguo na zimekauka kabla ya mchana, ngumu, zinanukia.

Kijiti cha asubuhi: njano. Jana njano. Juzi njano, lakini juzi hatukuthubutu kusema. Mama mkwe alikipeleka dirishani, akakigeuza huku na huku, akanipa, nikakigeuza, tukachovya kingine kuhakikisha. Njano. Njano siku tatu mfululizo, ndipo wanaposema figo zimesikia. Nilidhani nitaruka. Nilikaa tu kwenye kizingiti nimeduwaa, njano ile mkononi, kama mtu aliyepewa mtoto amshike, ghafla akagundua ni wake.

Dawa bado ni miezi, na ugonjwa unaweza kurudi, hilo nimeambiwa nikiwa nimeketi. Sawa.

Mchana mama mkwe alinyoosha miguu kwenye jua, na mtoto akaanza kucheza daktari. Kachukua penseli yangu kaiweka mdomoni. Kamwambia, "Bibi, lala." Akaweka kidole gumba juu ya mfupa wa mguu wa bibi yake, akakandamiza kwa nguvu zake zote, akaacha.

"Mama, njoo uone! Bibi ana shimo!"

Nilicheka nikaenda. Nikaacha kucheka. Shimo lilikuwa pale, la kidole kidogo, na halikujaa. Nikatazama vile viatu vilivyokanyagwa visigino, vilivyosinyazwa na mvua tangu Machi, na mvua imekwisha.

Mama mkwe aliteremsha gauni akafunika. "Uzee huo. Nimesimama sana jikoni. Nenda, nguo zako zimekauka, kaziteremshe."

Kesho ni Jumatatu na Dobi ananingoja. Nilivuta kigoda, nikaketi mbele yake, nikalipandisha lile gauni tena.

"Mama," nikamwambia, "mkojo wako una povu?"